Adabu ya Kuinama

Jumatatu, 12 Juni 1978
Nimerudi Iyunga. Huko Dar wamepitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wangu wa paja mpaka moyoni, kuuchungulia. Daktari kaniambia: Rozalia, ni nadra sana mpira huu kuujeruhi moyo, lakini ukishindwa kupumua ukilala, na ukiinama mbele ukapata nafuu, ujue maji yameuzingira moyo. Usingoje. Mimi wa kungoja? Hanijui!

Jumatano, 14 Juni
Baba mkwe kapita uani. Kwa hawa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami mkwewe, hamtaji jina, hakai naye. Kwetu Kilolo hakuna mambo hayo — miaka mitatu nakimbilia nyuma ya jiko kama kuku! Leo mbio sina. Nimeinama pale pale, uso chini. Ajabu — kifua kikalegea. Nikabaki nimeinama hata alipokwisha kupita. Mama mkwe kanisifu: mkamwana sasa ana adabu kweli.

Adabu! Nikilala nakabwa.

Ijumaa, 16 Juni
Nimekula nimeinama. Nimechambua maharage nimeinama. Sifa tele! Nimemwambia wifi Matilda naumwa, kacheka: wagonjwa hulala, wifi, we mbona hulali? Silali kwa sababu siwezi! Mume wangu Jailos yuko na treni huko Zambia, harudi mpaka wiki ijayo. Naogopa, ndiyo. Lakini kufa kwa ajili ya heshima ya mtu — sitaki.

Jumamosi, 17 Juni
Miguu imevimba. Gari ni moja tu, pikapu ya baba mkwe. Kakubali kunipeleka hospitali, ila nilale nyuma juu ya magunia ya viazi, nifunikwe blanketi, asinione. Mama mkwe katandika mwenyewe, machozi yanamtoka. Nilale! Nikamwambia Matilda: nikilala hapo, mtafikisha maiti. Akanifungulia mlango wa mbele.

Nimekaa. Naandika nimeinamia dashibodi, hapo ndipo napumua. Mama mkwe anapiga yowe, eti naleta laana. Ije! Baba mkwe kasimama mbele ya gari, kanipa mgongo, ufunguo mkononi. Haingii. Mimi sishuki.

Nimekusanya pumzi iliyobaki, nimemwita kwa jina — Timotheo! Mara ya kwanza tangu niolewe.

Yowe limekatika.

Anageuka kunitazama.