Maji ya Bhoke

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya kumi na mbili bila kuoga. Asubuhi nimekunywa uji kwa tahadhari, nisijimwagie. Shimo linatema. Mifuko kumi na mmoja ya mawe tangu alfajiri, na dhahabu inaonekana hata kwa macho ya Mwita, mwenye shimo, ambaye haoni vizuri kitu kingine chochote.

Sharti ni la mganga wa Masanja, yule mwenzetu aliyetoka Shinyanga. Tangu mwamba wa dhahabu uonekane mpaka uishe, maji yasiguse mwili wa mtu yeyote wa shimo hili. Juma, fundi wetu wa matimba, zile nguzo za miti shimoni, akasema yeye ni Mwislamu, atatawadha mara tano kwa siku, na anayetaka kumfukuza amfukuze. Machimbo yote ya Gorong'a hakuna anayejua kuzuia ukuta wa shimo usianguke kama yeye. Masanja akampigia mganga simu. Mganga akasema maji ya ibada hayahesabiwi. Nimecheka peke yangu. Sharti linalopokea simu.

Mimi siamini mambo haya. Lakini sijaoga.

Jumatano, 6 Agosti
Ujumbe kwenye simu. Bhoke, binti yangu. Miaka mitatu kimya, tangu nilipomwambia kuwa kulowa mbele za watu si kazi, na asikanyage nyumbani Turwa mpaka apate kazi. Kuogelea alijifunza Musoma, kwa shangazi yake. Mimi nilijua amepelekwa kujifunza kushona.

Sasa yuko kwenye hoteli ya kitalii, ng'ambo ya Mugumu. Wana jukwaa juu ya maji. Yeye ndiye anayeruka kutoka juu. Ameandika: "Baba, njoo Jumapili uone kwanza. Halafu useme unachotaka kusema." Kiti kimeshalipiwa.

Nimeusoma mara nne. Nina hasira na sijui ni ya nani. Mama yake angekuwa hai, angekuwa ameshapanda basi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeomba ruhusa. Nimesema naenda Mugumu kumwona mwanangu. Sikusema mwanangu yuko ndani ya maji. Mwita akaniambia nirudi mkavu. Mgawo ni Jumamosi ya wiki ijayo, na atakayevunja sharti hapati hata mfuko mmoja. Hilo tulikubaliana wote. Mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia, kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

Nimejipangusa kwa kanga kavu, nikajipaka mafuta. Sasa nanuka na mafuta pia.

Jumapili, 10 Agosti
Kwenye basi nilipata kiti cha watu wawili peke yangu. Mama mmoja alikaa, kisha akakumbuka ghafla kuwa anapenda kukaa mbele. Kutoka Mugumu nikachukua pikipiki. Dereva alikimbiza kuliko kawaida, nadhani ili upepo umsaidie.

Hoteli ina nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari. Bwawa kubwa, jukwaa katikati, na nyuma yake ukuta wa mawe ya kutengeneza, ghorofa tatu kwenda juu. Kiti changu mstari wa mbele kabisa. Mhudumu akapita akigawa makoti ya plastiki. Nikauliza ya nini. Akasema mstari wa mbele hulowa, mzee wangu, ndiyo raha yenyewe. Nikaomba mawili. Nikayavaa yote. Wazungu wa pembeni wakanipiga picha.

Saa kumi ngoma zikaanza na maji yakapanda. Shimoni tunachoma dizeli kutwa pampu ivute maji tukayatupe. Hapa wanachoma dizeli pampu iyarushe juu, na watu wanapiga makofi. Wasichana wakatembea juu ya maji. Kuna ubao umezamishwa kidogo tu, niliuona, ila niliuona nimechelewa. Nilikuwa nimeshashangaa.

Kisha Bhoke, juu ya ukuta. Mdogo hivi. Nguo nyekundu. Ngoma zikanyamaza. Sikuogopa vile hata siku kamba iliponikatikia shimoni. Akaruka, akajikunja, akanyooka, akaingia majini kama sindano kwenye kitambaa. Hakuibuka. Nikasimama. Bado. Nikajikuta nalitaja jina la mama yake. Halafu akaibukia kwingine kabisa, miguuni pangu, anacheka.

Akapanda ngazi, akaja moja kwa moja, maji yakimchuruzika. Akainama, akaninyooshea mikono yote miwili. "Shikamoo, baba."

Nikarudi nyuma hatua moja. Mikono yangu ikajificha ndani ya plastiki.

"Bado nakutia aibu?"

"Siyo wewe," nikasema. "Ni shimo."

Hakuelewa. Nani angeelewa. Alijifuta mikono kwenye nguo iliyolowa, kitu kisichosaidia, akarudi kwa wenzake kuinamia wageni.

Nimerudi mkavu.

Jumatatu, 11 Agosti
Shimo linatema. Masanja anasema, mnaona.



Alhamisi, 14 Agosti
Leo asubuhi nimechota ndoo, nikakaa kwenye jiwe wanapopita wote, nikaoga. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Ya tatu pia.

Ningeweza kuogea kichakani na Jumamosi nikachukua mgawo wangu. Nimelifikiria hilo siku tatu. Mimi ni mtu wa kufikiria mambo ya namna hiyo. Lakini kule nilirudi nyuma mbele za watu.

Mwita hakupiga kelele. "Mura, ndugu yangu," akasema, "miezi saba tunachimba, unatufanyia hivi zimebaki siku mbili?" Nikamweleza yote. Kwamba binti yangu alinipa mikono, nikaikataa kwa sababu ya mganga nisiyemwamini.

Akafikiri. "Si ungemwambia aikaushe kwanza?"

Ni neno la akili kabisa, na halikunijia.

Mifuko yangu wamegawana. Juma alinisindikiza hadi barabarani, amebeba godoro langu kichwani. Nilimshukuru kwa hilo.

Jumapili, 17 Agosti
Mugumu. Juma amepiga simu. Shimo bado linatema, tena kuliko mwanzo. Masanja amewaeleza kuwa nuksi ilikuwa mimi, na sasa imeondoka. Kwa hiyo nimewafaa.

Nimekwenda hotelini asubuhi. Mlinzi wa geti aliuliza mimi nani. Nikamwambia, baba wa yule anayeruka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitaja kazi yake.

Walikuwa mazoezini, viti vitupu, hakuna ngoma. Nilisimama ukingoni. Bhoke aliniona akiwa kule juu. Akaruka vilevile. Alipotoka alinisalimia kwa mbali, mikono nyuma. Nikaitikia. Halafu nikanyoosha yangu.

Alikawia. Nilibaki hivyo, mikono hewani, mfagizi amesimamisha ufagio ananitazama.

Akaja. Mikono yake ilikuwa ya baridi sana. Akasema maji ya asubuhi ndivyo yalivyo. Nikaishika mpaka ikapata moto, na shati langu likalowa hadi kwenye viwiko.