Enoki Mlelwa: Boksi Moja Limebaki

Baba Aron, mwaka umekwisha tangu tukuzike nyumbani Njombe, na mimi mkeo nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda nikufiche kitu.

Tunaukumbuka upole wako. Miaka yote uliyokatisha tiketi stesheni ya Makambako, hatukusikia umemfokea abiria, hata yule aliyefika treni imeshaondoka. Asubuhi za baridi kali uliwasha jiko mwenyewe, ukaniletea chai kitandani.

Ugomvi wetu ulikuwa saa tu. Saa za mkononi za zamani, za kutia ufunguo, na kila moja sharti iwe na boksi lake la kiwandani, garantii na risiti. Rafiki yako Abasi wa sokoni Makambako alikuwa akipiga simu: "Mzee Enoki, saa nimeipata, safi kabisa, ila boksi hamna." Nawe unamjibu, "Basi mwachie mwenyewe, Abasi. Nusu ya kitu nitaifanyia nini?" Kabati likajaa, nguo zangu zikahamia kwenye sanduku. Nililalamika weee, ukawa unacheka tu. Ulipozidiwa ukanishika mkono, ukaniomba saa na maboksi yake visitenganishwe.

Vikatenganishwa matanga hayajaisha. Siku ya kugawa vitu vyako, mdogo wako Severini aliwafunga ndugu saa mkononi, kila mtu na yake. Nani angebeba boksi la karatasi lililochakaa? Yote yakabaki kwangu. Na kitu mtu alichopewa msibani humwambii akirudishe. Iliniuma sana.

Nikasema basi, kama saa hazirudi, maboksi yatazifuata. Mwaka huu wote nimekuwa mtu wa kupanda Hiace, mfuko mapajani: Igwachanya kwa mpwa wako, Tandala kwa dada yako, na kwingine ambako barabara ilinimaliza magoti. Severini alipopokea lake aliligeuzageuza, akasoma garantii, akaniuliza:

"Shemeji, kumbe vilikuwa vinakaa pamoja? Si ungetuambia?"

"Ningesema saa ngapi, shemeji? Nilikuwa nalia."

Alinisindikiza hadi stendi, akanibebea mfuko ingawa ulikuwa mtupu.

Sasa limebaki moja, la ile saa ya mkanda wa kahawia niliyokufunga mwenyewe mkononi kabla jeneza halijafungwa. Juzi Aron ameliona kabatini, akauliza, "Mama, na hili linakwenda kwa nani?" Nimemwambia aliache hapo hapo, lina mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo Emilia, wanao Aron na Jackline, wajukuu zako, mdogo wako Severini, rafiki yako Abasi, na ndugu wote wa Njombe na Makambako.

Hatutakusahau, Baba Aron. Pumzika. Watoto nimeshawaagiza: siku yangu ikifika, boksi waniwekee mikononi. Hilo nitakuletea mwenyewe.