Nambari ya Hoteli Niliyomwachia Mama

Maskati, Jumanne, Agosti 2006

Joto la leo halina adabu. Hata paka wa jirani wamejificha chini ya magari, na mimi tangu asubuhi nimejifungia chumbani hapa Ansab, kiyoyozi kinanguruma, nalia, nanyamaza, nalia tena. Juzi nimerudi kutoka Grenada, kisiwa kimoja huko Karibi. Mama yangu kazikwa wiki iliyopita na mimi sikuwepo.

Ukurasa huu wa mtandaoni niliuanzisha ili nijigambe: vipi mtu anaweza kuitembea dunia kwa kidogo alichonacho, akalala wanakolala wenyeji na akala wanachokula. Leo sina la kujigamba.

Mama hakupenda nisafiri peke yangu. Mtoto wa kike, hata akiwa na miaka thelathini na nne na kazi yake ya serikali, halali nyumba ya watu asiowajua. Basi nikamwambia nitakaa hoteli kubwa ya pwani, yenye walinzi mlangoni. Nikatafuta kwenye mtandao nambari ya hoteli ya kweli, nikaiandika kwa wino mwekundu, nikaibandika kwenye friji lake. Akaridhika. Na mimi nikajiona hodari.

Hoteli yenyewe niliipita siku ya kwanza, nimo ndani ya basi dogo, naelekea kaskazini. Huko nikapanga chumba kwa Miss Ivy, mjane mwenye nyumba ya mbao na mkungumanga nyuma ya jiko. Nakoga kwa ndoo na kata. Simu yangu ya mkononi haikushika, nami wala sikujali. Kusema kweli nilifurahi.

Siku ya tatu Miss Ivy akapika shelisheli kwa tui la nazi na manjano, chungu kizima, akaacha kutia nyama ya nguruwe kwa ajili yangu. Nilipoonja nilicheka peke yangu. Mama tangu aondoke Unguja akilitaja shelisheli, tunda la kwao asilolipata Maskati, mpaka tukimtania. Nikakimbilia simu ya dukani nimpigie.

"Unakula nini huko, mwanangu?" akaniuliza.

"Vyakula vya hoteli tu, mama."

"Haya, kula. Usijinyime."

Ningemtajia shelisheli angeuliza kalipika nani, jikoni kwa nani. Nikamuaga, nikaweka simu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Siku mbili baadaye moyo wake ukamshinda. Mimi nilipiga tena baada ya siku nne, akapokea mdogo wangu Salma. Hakunisalimu. Aliniambia, "Tushamzika, Zuwena."

Kwetu maiti hangojeshwi. Alifariki kabla ya adhuhuri, na alasiri kishazikwa. Kwa hilo simlaumu mtu. Makaburini sisi wanawake hatuendi, lakini kumkosha mama ni kazi ya binti zake, na ndiyo heshima ya mwisho ninayoijua. Salma alimkosha. Upande wangu alisimama jirani, mwanamke mwema, akammiminia maji.

Mikono yake, si yangu.

Nilipofika, siku tatu za azza, za kupokea wanaokuja kutupa pole, zilikuwa zishapita na mazulia yashakunjwa. Kaka yetu Nassor hasemi na mimi. Salamu anajibu, kisha anatazama ukuta. Nilidhani ni kwa kuwa nimechelewa. Leo Salma kaja, kakaa ukingoni mwa kitanda, kanieleza yote.

Asubuhi ile aliyofariki, baada ya sala ya alfajiri, mama alianza kuniulizia. Nassor akaichukua ile nambari, akaenda kupiga simu ukumbini ili mama asisikie. Wakamwambia hawana mgeni wa jina hilo, wala hawakupata kuwa naye. Akawaomba watazame tena. Alipiga mara tatu. Halafu akaosha uso, akarudi chumbani.

"Kalala, mama. Huko saa hizi usiku."

"Basi msimwamshe," mama akasema. "Mwacheni apumzike, kachoka na safari."

Nassor, ambaye hasemi uongo hata wa mzaha, ambaye utotoni nilikuwa nikimwita shekhe kumkera, alimdanganya mama saa zake za mwisho ili anisitiri mimi. Uongo wangu mimi umekuwa mzigo wake yeye. Ndiyo maana hanitazami.

Sijui nitamwomba radhi kwa maneno gani. Nna khofu naye, sijapata kumwogopa hivi. Lakini kesho nitakwenda, nitakaa hapo kwake mpaka anitazame, na akitaka kunitukana anitukane.

Nimepiga hesabu ya saa, sikuweza kujizuia. Alfajiri ile ya Maskati, kule ilikuwa saa tatu ya usiku. Nilikuwa nimekaa na Miss Ivy na jirani zake, tunacheza karata, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Nilikuwa macho, mama.