Nimeruka Kidole cha Kati

Basi mdogo wangu, ule mjadala nimeuongoza, umekwisha, na marudio yake nimeyapata leo asubuhi. Najua ulikuwa unangoja kusikia. Lakini acha kwanza nikusalimie, nisije nikaonekana hofu imenila mpaka adabu. Hujambo wewe? Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua uliyoisifia bado inakusaidia, au imebaki harufu tu? Mkwe anayekusomea mwambie namsalimu sana, na asome polepole asiruke mahali, maana barua iliyopita aliruka, ukanijibu mambo ambayo sikuuliza. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu unaitikia ee, ee, ukishakata unawauliza watu yule alikuwa nani. Sisi huku hatujambo. Tuseme hatujambo. Chakula hakipiti tangu juzi, lakini hilo nitalifikia.

Anayeniandikia ni yule yule mpiga pasi wetu, mwenye mwandiko ulionyooka kama kola ya daktari. Ni saa ya mapumziko. Tuko chumbani kwake, mimi nimekalia furushi la mapazia, yeye karatasi ameiweka juu ya meza ya pasi, meza yenyewe bado ina moto. Ananiambia niseme kidogo kidogo, mkono wake si mashine. Mimi nikisema kidogo kidogo nasahau nilikokuwa naenda.

Nilikwambia tumeletewa msimamizi mpya hapa hospitali kwenye chumba cha kufulia, binti mwembamba mwenye makaratasi mengi. Ndiye aliyeleta hii habari ya mjadala. Kila Jumatatu mmoja wetu anawaongoza wenzake nusu saa, hakuna cha nani kasoma nani hakusoma, halafu Jumatano wenzake wanampa mrejesho. Alivyosema mrejesho, hakuna aliyeelewa. Mkunja mashuka akauliza kama ni chai. Ndipo mzee wa mkokoteni akasema aa, huyu anataka kusema marudio. Marudio kwetu ni yale mashuka yanayorudishwa na wodi kwa sababu tumefua na doa limebaki. Yakirudi hayo, kila mtu anakumbuka ana kazi chumba kingine. Binti alicheka, akasema hayo hayo, kila mmoja atataja safi moja na doa moja. Tangu siku hiyo jina limeshika.

Jumatatu hii ikawa zamu yangu, na mada ni sindano. Wewe hujui, acha nikueleze. Mtu wa wodi amechoka, anamdunga mgonjwa, sindano anaisahau kitandani, shuka linakunjwa nayo ndani, linatujia sisi. Wa kwanza kukutana nayo ni mimi, maana miaka thelathini na moja kazi yangu ni kuchambua machafu, ya damu huku, ya mkojo kule. Kwa kuwa sijui kusoma, yule binti alinisomea maswali yake Ijumaa, yapo matano, akanipa ujanja kwamba kila swali nilipe kidole cha mkono wa kushoto. Gumba, sindano zinatoka wapi. Cha shahada, tuchambue vipi. Cha kati, aliyechomwa afanye nini. Cha pete, nani ana glavu na nani anazikwepa. Cha mwisho, watu wa wodi tuwaambie nini. Nikavibeba vidole vyangu mpaka nyumbani. Unanijua. Wewe utotoni ulitumwa vitu vitatu ukarudi na kimoja, mimi nikitumwa vitano naleta vitano na umbea juu.

Mjadala wenyewe tulianza saa nne, tumekaa duara juu ya mafurushi. Nilianza vizuri. Gumba likaenda, watu wakazitukana wodi zote moja moja. Cha shahada kikaenda, nikasimama nikawaonyesha shuka linavyofunguliwa kwa pembe na si kwa kukumbatiwa. Nikawachekesha, unajua nikipewa watu wa kunisikiliza sina breki. Halafu nikaenda moja kwa moja cha pete. Mkono wa kushoto nikautia kwenye mfuko wa aproni, nikaendelea kusema, nikamaliza cha mwisho, nikafunga kabla nusu saa haijafika. Mzee wa mkokoteni tangu hapo ananiita mwenyekiti. Akinipita koridoni anauliza kama kikao kimeahirishwa, au apite na mzigo wake.

Leo asubuhi ndiyo marudio. Mdogo wangu, nimezaa watoto sita, nimemzika mume, lakini sijawahi kukaa mbele za watu kwa hofu namna ile. Nilikuwa nimeshika furushi ili nisionekane.

Alianza mkunja mashuka. Akasema safi yangu ni sauti, inafika mpaka jikoni, wapishi wenyewe wamejifunza kuchambua mashuka. Doa langu, nauliza swali, halafu kabla mtu hajafungua mdomo nimeshajijibu, nimeshajipongeza. Watu walicheka, na mimi nikacheka, maana ni kweli, hata mume wangu aliondoka duniani na majibu yake hajayatoa. Mzee wa mkokoteni akasema yeye alisinzia nikiwa kwenye habari ya mbuzi wetu aliyekula taulo, alipoamka mbuzi bado anakula. Hilo ndilo doa. Safi yake, kwamba amelala vizuri. Wa kwenye mashine akasema nimemtia haya mpaka sasa atavaa glavu, maana mtu mzima kama mimi nikisema glavu ni uhai, yeye nani asivae. Hapo nilitazama chini. Utajua kwa nini.

Akabaki huyu anayeniandikia. Yeye si msemaji, unajua watu wa pasi wamezoea mvuke, hawazoei maneno. Akasema safi yangu ni kwamba sikumdharau mtu. Doa langu, nimeruka kidole. Akasema alikuwa anahesabu na mimi, gumba, shahada, halafu pete, na cha kati hakukiona, na tangu hapo mkono wangu wa kushoto hakuuona tena mpaka tulipoinuka. Alisema polepole, bila ubaya, kama mtu anayekuonyesha uzi unaning'inia kwenye gauni.

Nikaukandamiza ule mkono chini ya furushi. Nikadhani sasa ataniambia niutoe. Lakini yule binti akawahi, akasema jamani haidhuru, mama amefanya vizuri kwa mara ya kwanza, hilo swali la tatu tutalichukua wiki ijayo. Wakapiga makofi. Wakaenda kwenye kazi zao. Wiki ijayo, mdogo wangu. Mimi wiki ijayo sina.

Sasa nalisema, na nalisema kwako kwa sababu sikuweza kulisema pale. Na huyu aandike kama ninavyosema, asinitazame, atazame karatasi.

Jumatatu hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, kabla ya mjadala, nimechomwa. Kidole cha kati. Glavu zilikuwa mfukoni, kavu, kwa sababu mimi siku zote nasema zile glavu nene zinaniziba, sisikii shuka. Miaka thelathini na moja nimesikia shuka kwa vidole. Siku hiyo nilisikia. Iliingia kama mwiba, ikatoka na tone moja la damu, yangu, na ndani ya sindano mlikuwa na damu nyingine kidogo, si yangu. Mgonjwa gani, sijui. Shuka likishafika kwetu halina mwenyewe. Sindano niliitumbukiza kwenye kopo la sindano pamoja na nyingine, sasa hata ningetaka kuitafuta siijui ni ipi. Nikanawa kwa sabuni ya unga, nikafunga kitambaa, nikaenda kuongoza watu.

Kitambaa ndicho nilichokificha. Gumba na cha shahada niliviinua hicho nimekikunja ndani, lakini ningekiinua chenyewe, wangekiona. Na ningeliuliza lile swali, ningepaswa kulijibu, maana jibu ninalo, binti alinipa Ijumaa nikalikariri. Aliyechomwa aseme saa ile ile, apelekwe kwa daktari, apimwe damu, aanzishiwe dawa ya kuzuia virusi. Mapema ndiyo bora, na zikipita siku tatu hawakupi tena, kwa sababu haisaidii. Jibu nilikuwa nalo kinywani. Nikalimeza.

Utaniuliza kwa nini. Mwanzo nilijiambia ni aibu, mwenyekiti wa glavu hana glavu. Lakini si aibu, aibu ningeivumilia, aibu tumeifua nyingi hapa. Ni hofu. Nikikaa kimya, ni kidole tu kinachouma. Nikisema, inakuwa kweli, watanitoa damu, watanikalisha kwenye benchi, na kuna mtu atatoka na karatasi ambayo mimi siwezi kuisoma, nitaisoma kwenye uso wake. Nimeona watu wakisubiri kwenye lile benchi. Napita hapo na mashuka yao. Usiku nakiminya kile kidole nikitazama kama kimebadilika rangi. Jana nilidhani nina homa, kumbe nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya kukaushia. Nikicheka nacheka, kisha nakumbuka. Nimeshajizika mara mbili, na mara zote mbili nimekuona wewe kwa nyuma na magoti yako, unakuja kwa shida.

Na kuna jingine nimeliona leo walipokuwa wakipiga makofi. Hawa wenzangu hawajui habari ya siku tatu. Mimi ndiye niliyepewa niwaambie. Huyu mkunja mashuka mwenye mdomo, akichomwa kesho, atafanya kama mimi nilivyofanya, atanawa kwa sabuni ya unga. Kwa hiyo doa si langu peke yangu.

Ameacha kuandika huyu. Namwambia aandike. Ndiyo maana nimekuja kwake kwa barua, wala si kwa maneno, nilijua nikianza salamu zako nitafika tu hapa, mdomo wangu haujui kugeuka nyuma. Ameuchukua mkono wangu, amefungua kitambaa, ametazama, amefunga tena, vizuri kuliko nilivyofunga mimi, pembe kwa pembe. Ananiuliza ilikuwa saa ngapi hasa. Nimemwambia saa mbili, kengele ya chai ya wodini ilikuwa ndiyo kwanza inalia. Anahesabu. Anasema sasa ni saa saba Jumatano, mpaka kesho saa mbili asubuhi zimebaki saa kumi na tisa, na mimi hapa nimetumia nusu saa nzima kusimulia mbuzi.

Namwambia acha kwanza tumalize barua, sijamsalimu shemeji, sijauliza kama mtoto wa mkwe ameota meno. Amesimama, anaandika amesimama, viatu ameshavaa, pasi ameichomoa ukutani. Anasema niseme neno moja tu la mwisho. Basi mdogo wangu, salimia wote kama walivyo, mkubwa kwa mdogo, na ukipata hii usilie kwanza, ngoja barua ya pili. Ni mimi dada yako, na gumba langu hili hapa chini badala ya sahihi.

Ameshafika mlangoni na karatasi yake mkononi, ananiita. Namwambia aandike na hilo. Anasema atakwenda na mimi mpaka ndani kwa daktari, na karatasi yao wakiileta ataisoma yeye, polepole, bila kuruka mahali. Ananiita tena. Haya, naja.