Sahihi Iliyokataliwa na Benki

Koekelberg, Brussels
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Kwako Shangazi Naïma,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na nyumba yako yote, na joto la Rajkot liwe limepungua kidogo. Zaidi ya yote namuulizia Bibi. Magoti yake yanaendeleaje? Anapata usingizi? Mwambie mjukuu wake Rayhana humtaja katika kila dua.

Sisi hapa hatujambo. Ndivyo nilivyofundishwa kuandika, nami nimeandika, lakini ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba si kweli.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Unanijua kwenye simu: nasema ndiyo, nasema sijambo, kisha narudisha simu kwa Mama. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama, naweza kumaliza sentensi. Kigujarati sikijui, nawe Kifaransa hukijui, kwa hiyo tunabakiwa na lugha ya Bujumbura mliyokulia wewe na Baba. Mama ndiye aliyenifundisha kuiandika, na kwa kawaida hunisahihisha. Hii hataisahihisha kwa sababu hajui kwamba naiandika. Nitajitahidi kushika adabu, Shangazi, lakini nina hasira, na sitaki uigundue katikati kama jiwe kwenye wali. Nakuambia mapema.

Jumapili iliyopita tulikuwa jikoni sote watatu ujumbe wako wa sauti ulipoingia kwenye kundi la familia. Mama alikuwa na unga mikononi, akabonyeza simu kwa kiwiko, na sauti yako ikajaa chumba kizima. Ulisema benki imerudisha karatasi tena, sahihi ya Baba haifanani na ile ya kwenye pasipoti. Ulisema mnunuzi wa nyumba amechoka kungoja, na Bibi bado anapanda zile ngazi za mawe kwa sababu ya mwanawe wa Ulaya. Kisha ukauliza, huku unacheka, huko Brussels tunakula nini mpaka mkono unamsahau mwenyewe. Ukamalizia kwamba labda mkono wa kaka yako umeshikwa na mwanamke wa Buyenzi; ulimaanisha Mama na mtaa wake wa Bujumbura. Binamu zangu wa Dubai wakamimina vile vikaragosi vinavyocheka mpaka machozi.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Akasukuma sahani, akaenda kulala mchana kweupe. Mama akaendelea kusukuma chapati ambazo hakuna aliyezila.

Mimi ndiye niliyesoma masharti ya benki yenu, yote, pamoja na yale ya maandishi madogo ambayo nadhani hata walioyaandika hawayasomi. Nayaelewa. Fungu la Baba katika nyumba ya marehemu Babu haliwezi kulipwa ila kwenye akaunti ya raia wa India anayeishi nje, na bila akaunti hiyo nyumba haiuziki. Ili ifunguliwe akiwa huku, kila nakala lazima ithibitishwe na notari au na ubalozi: pasipoti, kadi ya ukaazi, karatasi ya anwani. Kwenye fomu inabandikwa picha, naye anatia sahihi ambayo nusu yake inapita juu ya picha, mbele ya macho ya mthibitishaji. Na sahihi zote lazima zifanane na ile ya pasipoti. Hilo la mwisho wameliandika kwa herufi nzito.

Mara ya kwanza tulikwenda kwa notari mmoja wa Uccle, aliyependekezwa na bibi mzee ambaye Mama humtunza. Ofisi yake ilikuwa na zulia nene na kimya kiasi kwamba nilisikia tumbo langu likinguruma. Nilikuwa natafsiri, na sauti yangu ilikuwa ndogo, yule bwana akaniomba nirudie kila kitu. Alikuwa mpole. Alimtazama Baba akiandika, akagonga mihuri yake, akafunga yote kwa utepe mwekundu. Karatasi zikarudi: muhuri ulikuwa wa Kifaransa na benki haikuuelewa. Wewe ukasema tumemwokota mtu sokoni Gare du Midi.

Tukatafuta mwingine anayeandika kwa Kiingereza. Safari hiyo muhuri ukasomeka, sahihi ikakataliwa. Tukarudi kwake, ikakataliwa tena. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika kweli. Notari alikaa mbele ya Baba, akaona pasipoti, akaona uso, akaona kalamu ikitembea, akaandika kwamba huyu ndiye Ilyas na ameandika mwenyewe. Halafu mtu ambaye hajawahi kumwona, aliyekaa mbele ya kompyuta huko kwenu, anasema siye. Basi huyo mthibitishaji tulimtafuta wa nini? Niliandika barua pepe nikauliza hivyo, kwa heshima. Nilijibiwa kwamba maoni yangu ni muhimu kwao.

Na wewe kila mara ulikuwa na neno. Kwamba Baba hataki nyumba iuzwe. Kwamba amekuwa mkubwa, hapokei simu ya video, hata mama yake mzazi anaonyeshwa dari. Kwamba watu wakishapata kadi ya Ulaya husahau walikozaliwa. Mama alikuwa anazipunguza sauti jumbe zako zikianza, lakini nyumba yetu ni ndogo.

Mwezi huu tuliamua kwenda ubalozini. Alitupeleka tonton Bienfait, yaani mjomba, jirani yetu wa juu, mtu wa Lubumbashi, mwenye gari linalonuka samaki wa chumvi na mdomo usiopumzika. Alikuwa amesikia habari zote kutoka kwa Mama. Njiani akajitolea kutia sahihi yeye, akamwambia Baba, "Bon, papa Ilyas, leta ile karatasi, miye nitasinye. Bantu ya banque bakiona photo ya muntu muzuri vile, batasahau signature." Baba akacheka. Kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka. Tonton akanigeukia kwenye taa nyekundu, safari hii bila mzaha, akasema mimi naandika vizuri, basi nisinye mimi, donc Mungu ataona ni mutoto anasaidia muzazi.

Ningeweza, Shangazi. Sahihi ya Baba ilikuwa kwenye daftari langu la shule kila wiki tangu nikiwa mdogo, ile "I" ndefu yenye mkia unaorudi nyuma na kupigia mstari jina zima. Lakini Baba akasema hapana, neno hilo moja, na tonton akawasha redio.

Ofisa wa ubalozi alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Alimsalimia Baba kwa Kihindi, na Baba kwa wasiwasi akamjibu kwa Kiswahili, wakatazamana. Akaiweka pasipoti kando ya fomu, akampa kalamu. Baba akaandika. Ofisa akatazama pasipoti, akatazama fomu, akatoa fomu nyingine safi. Baba akaandika tena. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na ndani mle hakukuwa na joto. Ndipo ofisa akaniuliza, polepole, mkono wa baba yangu umepatwa na nini.

Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama ukuta. Nikasema kweli, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, na sasa nakuambia wewe.

Baba alipigwa na kiharusi Ramadhani iliyopita. Tulikuwa ndio kwanza tumefuturu. Glasi ya maji ilimtoka mkononi, akabaki anautazama mkono kana kwamba ni wa mgeni. Alilala hospitali mpaka baada ya Idi. Mguu umerudi karibu wote. Mkono wa kulia umerudi nusu: unashika kikombe, lakini ukishika kalamu unatetemeka, na ule mkia wa sahihi yake hauendi unakotaka. Mdomo umevutwa upande mmoja. Akili yake ni nzima kabisa, ila maneno yanachelewa kutoka, na yakichelewa anaona haya, ananyamaza. Ndiyo maana hapokei simu ya video. Ndiyo maana Bibi alionyeshwa dari: Mama ndiye aliyeshika simu, na Baba alikuwa amekaa hapohapo akisikiliza sauti ya mama yake. Zile salamu za Idi ulizozisifu, ukasema kaka yako ameanza kuandika Kiswahili cha vitabuni, niliandika mimi.

Na huyo mwanamke wa Buyenzi ndiye anayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi kabla ya kwenda kuwafunga vifungo wazee wa watu wengine. Hajawahi kukujibu hata neno moja, kwa sababu Baba alituapisha. Mimi sina subira yake.

Ofisa alisema njia ipo, tena ni halali. Baba aweke alama ya dole gumba mbele yake, pamoja na barua ya daktari inayosema kwamba ugonjwa uko mkononi na akili iko salama. Yeye ataithibitisha na benki italazimika kuipokea. Nilifurahi nusura nilie. Baba akatikisa kichwa. Garini tukamngoja aseme sababu, hata tonton Bienfait alizima redio, na mwishowe maneno yakaja: "Naïma ataona."

Maana bahasha huifungua wewe kabla ya kuipeleka benki. Ungeona dole gumba mahali pa sahihi ya mtu aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote kwenye shule yenu, ungeuliza, na ungejua. Baba amekubali umwite mwenye kiburi, umwite aliyesahau kwao, mradi usimwite mgonjwa. Miezi yote hii hatukuwa tunashindana na benki. Tulikuwa tunashindana na wewe, ili usijue.

Anasema ni kwa ajili ya moyo wa Bibi. Lakini nani aliyemfundisha? Babu aliumwa miezi mizima, nanyi mkatuambia ni mafua, ni uchovu, ni mabadiliko ya hewa. Kila tulipopiga simu alikuwa "amelala". Baba alipata habari siku ya maziko, kwenye simu, amesimama sokoni Gare du Midi kati ya watu waliokuwa wanachagua nyanya. Ulimwambia mlificha ili asisumbuke huko mbali. Alikaa chini, hapo sokoni, juu ya kreti. Nilikuwa naye. Nilimsikia akisema kwamba hatawasamehe kwa kumnyima kumwona baba yake, na kwamba yeye hatafanya hivyo kwa mtu yeyote. Sasa anafanya vilevile, na Mama anamsaidia, na mimi niliapa. Katika ukoo huu watu hawaumwi, wanakufa tu. Nina hasira na wewe, Shangazi, nina hasira na Baba pia, na hasira hii siwezi kumwonyesha kwa sababu akitaka kunijibu maneno hayatoki.

Basi kiapo nimekivunja. Bahasha hii naituma kwa njia ileile ya karatasi za benki, ili uifungue kwa mkono uleule. Nikitoka kuituma nitamwambia Baba. Sijui atafanya nini. Huenda atanyamaza, na siku hizi sijui tena kunyamaza kupi ni kwa ugonjwa na kupi ni kwa kisirani.

Nimeomba miadi nyingine ubalozini mwisho wa mwezi, kwa jina lake. Daktari amekubali kuandika barua, iwapo Baba atakubali kuichukua. Hatakubali mpaka wewe upige simu. Kwa hiyo piga, ya video. Kwanza mketishe Bibi, umweleze wewe mwenyewe, kwa maneno ya kweli, yasiwe ya mafua. Alizika mume na hakuvunjika. Mnamdharau mnapodhani atavunjika kwa kumwona mwanawe akiwa hai. Kisha msogeze mbele ya simu. Uso wa Baba ukitokea, usipige kelele na usilie kabla yake. Msemeshe kama mlivyosemeshana Bujumbura, mtanie ukitaka, na ukimuuliza jambo, ngoja. Usimmalizie sentensi. Maneno yanakuja, yanahitaji mtu wa kuyangoja tu.

Na kama hilo ni zito kwako, usitume tena ujumbe wa kudai karatasi. Mwambie mnunuzi aende zake, na ngazi za mawe umpandishe Bibi wewe.

Nimeandika kwa ukali zaidi kuliko nilivyopanga. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kulainisha, sikupaona. Mbusie Bibi mikono yote miwili kwa niaba yangu, na kwa niaba ya Baba. Wasalimie wote wa nyumbani. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe na ujasiri.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Rayhana binti Ilyas