Skuta Haifiki Kwenye Nguzo

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta, maana simu zangu hazikupati.

Sisi tupo. Paka amezaa watatu kwenye kapu la nguo, na bomba la jikoni bado linavuja ingawa nimeolewa na fundi bomba. Mpwa wako ametolewa nyuzi za kidevu. Mkono bado umefungwa plasta.

Kuna jambo dogo. Shemeji yako hakuridhika uliposema mtoto alishuka na skuta peke yake akaigonga nguzo ya umeme. Jumamosi alimwaga ndoo ya maji pale getini, mteremko unapoanzia, yote yakaishia mtaroni. Kisha akapanda skuta mwenyewe, na kitambi chake chote, majirani wakavunjika mbavu. Alishuka mara tano, na mara zote tano akaishia mtaroni.

"Njia inavuta kushoto," akasema, "na nguzo iko kulia. Hebu nisukume."

Nikamsukuma. Akaigonga nguzo palepale. Sasa nyumbani plasta ziko mbili.

Siku ile ya ajali mlikuwa wawili tu, wewe na mtoto, na kesho yake ukaondoka bila hata chai. Mchezo unaweza kumzidi mtu yeyote, hilo ningelielewa. Linaloninyima usingizi ni mtoto. Kila nikimwuliza anasema alianguka mwenyewe, kwa maneno yaleyale uliyoniambia wewe, bila kuongeza wala kupunguza.

Nani kamfundisha?

Usinipigie. Njoo uniambie usoni.

Dada yako aliyekubeba mgongoni