Maneno Niliyomwambia Audax kwenye Simu

Kituo cha Polisi, Muleba
16 Agosti 2023
Kwa Koplo Mushumbusi

Naitwa Vestina Kaijage, umri miaka hamsini na miwili, Mhaya, Mkatoliki, mkulima wa migomba na kahawa, mkazi wa Kishanda. Nimeonywa niseme kweli, nami nasema kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 14 Agosti tulikuwa na msiba wa baba yetu. Kaburi lilichimbwa asubuhi kibanjani, kati ya migomba. Kwetu kaburi halilali wazi, na mrithi ndiye hutangulia kutupa udongo. Mrithi alikuwa mdogo wangu Audax, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza.

Saa tisa alasiri Audax alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza. Yeye na wenzake watatu wa kazini walikuwa wamekodi ndege ndogo ije itue kwenye kiwanja cha nyasi kilicho bondeni, chini ya kijiji chetu.

Alisema, "Dada, rubani anasema upepo unakatiza kile kiwanja. Anataka tushukie Bukoba, tuje kwa gari. Tutafika usiku."

Nilimjibu, "Usiku tutamzika nani? Watu watasema mwana wa Kaijage aliogopa upepo akamwacha baba yake."

Alicheka kidogo. Tangu utoto alicheka hivyo akionewa. Akasema, "Haya, waitu," kwa heshima ya Kihaya, "nitamwomba."

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kiwanjani na baba mdogo Ildefons. Majani ya migomba yalikuwa yamelala upande mmoja. Ndege ilishuka pua ikiwa imeelekea pembeni, ikapaa tena bila kugusa chini. Baba mdogo alisema, "Huyu Audax! Hata msibani lazima azunguke juu tumwone kwanza." Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Mara ya pili ilipokaribia nyasi, bawa moja liliinuka, la pili likachimba ardhi, ikapinduka.

Rubani na wale wenzake tuliwatoa wakiwa majeruhi. Audax alikuwa amebanwa na kiti. Alikuwa amefunga tai, yeye ambaye utotoni alilia kufungwa kifungo cha shingoni siku za Jumapili. Aliniuliza, "Mmeshazika?" Nikasema, "Bado, tunakusubiri wewe." Alikata roho kabla hatujamtoa.

Nyumbani wanasema rubani Philbert alikuwa amelewa. Leo asubuhi baba mdogo aliniambia, "Hayo ya simu yaache hapa hapa, mwanangu. Utatuaibisha." Lakini rubani yuko hospitalini, mguu umevunjika, na anaweza kufungwa. Yeye alikataa. Mimi ndiye niliyesukuma. Naona aibu kulisema, na naona aibu zaidi mbele ya mke wa Audax, ambaye leo amenimiminia uji mimi kabla ya watoto wake.

Sina la kuongeza. Mkisali, naomba mnikumbuke.

Sahihi: V. Kaijage

Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Baba yake mdogo Ildefons, aliyekuwa akimsubiri nje, aliingia akaomba habari ya simu ifutwe. Shahidi alisema ibaki.

Koplo Mushumbusi